Nguzo Uani kwa Mwalimu

Nguzo za turubai la msiba zilikuwa bado zimesimama uani kwa Paskazia, na kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kuzing'oa, alizifunga kamba akaanza kuanikia nguo.

Hakuona ubaya wowote. Nguzo zilikuwa za kijiji, zilikatwa na vijana wa kijiji, na yeye alidhani wenyewe wangezifuata watakapozihitaji. Mumewe, Mwalimu Deodatus Lwakatare, alifariki mwezi wa kumi na moja, ghafla, akitoka shuleni. Kijiji cha Namuhula, pande za Ukerewe, kilifunga shule kikahamia kwake. Wanaume walisimamisha turubai, wakawasha moto, wakalala nje. Halafu ndugu za marehemu wakaja kutoka Kagera kumchukua mtu wao, maana Mhaya huzikwa kwao, kwenye migomba, karibu na baba yake. Paskazia alivuka ziwa na jeneza mpaka Bukoba, kisha kwa gari hadi Muleba, akazika, akakaa na wakwe zake, matanga yakaanuliwa huko huko, ukoo ukanyoa nywele, watu wakaaga wakatawanyika.

Kwa hiyo aliporudi Namuhula, kwake msiba ulikuwa umekwisha. Kilichobaki kilikuwa huzuni, ambayo ni kitu kingine.

Alikuta turubai limechukuliwa na nguzo zimeachwa. Katikati yake palikuwa na duara la majivu, na magogo mawili ambayo hayakuungua yakaisha. Aliyapisha majivu alipofagia, kwanza kwa sababu hakuwa na nguvu, baadaye kwa mazoea.

Watu ndio waliomchanganya. Mwezi wa kwanza walimpa pole, akaitikia. Mvua za vuli zikaisha, wakaendelea kumpa pole. Masika yakaingia, mpunga ukachanua mabondeni, bado pole. Wanawake waliokuwa wakipita wakicheka walipokaribia ua wake walishusha sauti, na wakiupita uzio, vicheko vikarudi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhoja, ambaye miaka yote alizoea kumtania barabarani, "Mama Angela, hebu nirushie chumvi huko," sasa alivua kofia na kupita kimya, kama anayepita mbele ya altare.

Kisha zikaanza kazi. Fundi akaja na mabati mapya, akaezua paa, akaezeka. Wakaleta tangi la maji wakalipandisha kwenye mawe. Wakaweka taa ya sola. Wakachimba choo kipya, kizuri kuliko cha mwenyekiti mwenyewe. Kila fundi alimsalimia kwa heshima, akampa pole, akafanya kazi yake, akaenda. Paskazia akiwapikia uji, walikunywa wamesimama.

Jirani yake Gladness alikuwa akianika dagaa juu ya mawe. Paskazia akamfuata huko.

"Gladness, hii nyumba inatengenezewa nani?"

"Nyumba ipi?"

"Nyumba ipi? Ile yenye paa jipya. Wewe unaijua nyingine?"

Gladness akageuza dagaa ambao hawakuwa na haja ya kugeuzwa. "Si wanatengeneza tu."

"Wanatengeneza tu."

"Ndiyo. Wewe pumzika, Mama Angela."

Huyo ndiye Gladness ambaye akisikia jambo asubuhi, mchana limefika mjini Nansio. Paskazia akarudi nyumbani akiwa hajui kitu, na ameongezewa bakuli la dagaa.

Aliyemfungua macho kidogo alikuwa fundi rangi, kijana wa Nansio aitwaye Ngosha, ambaye hakuwa mtu wa kijiji na hivyo hakujua kunyamaza.

"Si ile sheria mpya, mama," alisema akikoroga ndoo yake. "Sheria ya walimu. Madiwani wameipitisha. Walimu wanaletwa visiwani wanakimbia, wanaletwa wanakimbia. Sasa imeandikwa: kijiji kisicho na nyumba nzuri ya mwalimu, iliyo tayari, hakiletewi mwalimu. Wanapeleka kwa wenzenu."

"Na hii ndiyo nyumba iliyo tayari?"

"Mimi nimeambiwa nipake rangi." Akainua brashi, akaangalia ukuta. "Kwani wewe hawajakwambia?"

Hawakumwambia. Lakini alijua alichokijua kila mzazi wa Namuhula: tangu Deodatus afariki, darasa la saba halikuwa na mwalimu wa hesabu wa kudumu. Waliletwa wawili kwa nyakati tofauti. Mmoja alivumilia muhula. Wa pili aliangalia chumba alichopangiwa, akauliza pikipiki iliyomleta kama bado iko, na hakuteremsha hata godoro. Na nyumba ya mwalimu kijijini ilikuwa moja tu, ile ambayo yeye, mjane asiyefundisha hata herufi, alikuwa akilala ndani yake.

Hilo alilielewa. Asichokielewa ni kwa nini hawakusema. Mtu akitaka nyumba yake anakuja, anakohoa, anasema. Hawa walimpakia rangi nyumba akiwa ndani, wakampa pole, wakaenda zao.

Ngosha akazunguka nyuma, kwenye kibaraza cha jiko. Hapo Deodatus alikuwa amepaka sehemu ya ukuta rangi nyeusi, ikawa ubao. Watoto wa darasa la saba walikuwa wakija jioni, wanakaa kwenye mkeka, yeye anafundisha huku Paskazia anapika, na mara nyingi moshi uliwatoa machozi wote, mwalimu na wanafunzi. Hesabu ya mwisho ilikuwa bado pale. Ilikuwa ya sehemu, sehemu kubwa inagawanywa kwa ndogo, imeshuka mstari kwa mstari mpaka kwenye alama ya sawasawa, na baada ya alama hiyo hapakuwa na kitu. Labda aliwaachia watoto wamalizie. Labda aliitwa na mtu. Paskazia alikuwa jikoni siku hiyo na hakuangalia.

Kaburi lilikuwa ng'ambo ya ziwa. Hapa ndipo alipokuwa akipangusa vumbi pembeni pembeni, akiangalia asiguse chaki.

"Hapo usipake," alimwambia Ngosha.

"Nimeambiwa nyumba yote, mama."

"Paka yote. Hapo usipake."

"Mkaguzi akiuliza?"

"Mwambie ni mimi."

Ngosha akaitazama hesabu ile, akamtazama na yeye, akaizungushia rangi ya maziwa kama mtu anayepalilia kuzunguka kisiki. Jioni hiyo habari ilienea kwamba mjane wa mwalimu anaanika nguo kwenye nguzo za msiba na analinda hesabu isiyo na jibu. Watu wakazidi kumwonea huruma, na wakazidi kunyamaza.

Alipochoka, Paskazia alivaa kitenge chake kizuri akaenda ofisi ya kijiji.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuuliza habari ya nyumba."

Mzee Mhoja akavua kofia. Alikuwa Msukuma mnene, mtani mkubwa, mtu ambaye Deodatus alikuwa akimwita mchunga fisi na yeye akimjibu mla ndizi, wakicheka mpaka kijiji kizima kinasikia. Sasa alitazama meza.

"Hayo hayazungumzwi sasa."

"Yatazungumzwa lini?"

"Yakiisha."

"Nini kikiisha?"

Akamtazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. "Mama Angela, nenda nyumbani. Hakuna atakayekusumbua. Si sisi."

"Kwa hiyo kuna wengine?"

"Hakuna. Nenda, mama, kapumzike."

Njiani alijaribu kuyapanga maneno yale, hayakupangika. Yakiisha. Rangi ikiisha? Chakula kikiisha? Yeye mwenyewe akiisha?

Akampigia simu mdogo wake, Nestory, mchomelea mageti wa Igoma, mjini, ambaye hakuwahi kupokea simu bila mashine kunguruma nyuma yake.

"Dada, hao wanakutoa kistaarabu," Nestory alisema. "Wanaipamba nyumba ili uone aibu mwenyewe, ufungashe uondoke, wao wabaki watu wema. Mimi naona kila kitu kutoka huku."

"Hawajasema niondoke."

"Ndiyo ustaarabu wenyewe huo. Njoo. Kuna chumba nyuma ya karakana. Kelele utazoea."

Akafungasha. Akaweka nguo zake kwenye sanduku la bati, na shati moja la Deodatus, na redio. Kesho yake akataka kupika, sufuria iko chini ya nguo, akafungua, akatoa. Jioni akairudisha. Akaishi hivyo wiki nzima na nyingine, anafungua na kufunga, kama abiria ambaye meli imetangazwa lakini haionekani. Ubao wa ukutani hakujua atafanyaje. Ukuta haufungashiki. Alifikiri aufute mwenyewe kabla mgeni hajaufuta, akashika kitambaa, akakiweka. Alifikiri aiandike mahali, lakini mwandiko wa mtu mwingine si kitu cha kunakili.

Siku ya mwalimu mpya alijua kwa vigelegele. Ilikuwa baada ya mchana, mwezi wa saba, upepo wa ziwa umekauka. Ngoma zilianzia barabara ya Nansio, zikasogea shuleni, watoto wakaimba, mtu akahutubia, wakapiga makofi. Paskazia alikaa kizingitini na sanduku lake pembeni. Nguo zake za mwisho zilikuwa bado kambani, mbichi.

Kisha ngoma zikanyamaza, akasikia miguu mingi ikija kwake kimya kimya.

Waliingia uani bila kupiga hodi kwa sauti. Mbele alikuwa Mzee Mhoja, kofia mkononi. Nyuma yake msichana wa rika la Angela, binti yake Paskazia, gauni la kitenge limepigwa pasi vizuri, shada la maua ya mwituni shingoni, begi la magurudumu ambalo magurudumu yake yamekataa mchanga. Alikuwa anaangalia huku na huku kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Kijiji kikajipanga nyuma yao.

Paskazia akasimama.

"Karibuni," alisema. "Vitu vyangu viko tayari."

Gladness akajitokeza. "Vitu gani?"

"Vyangu. Natoka. Mngesema tu, ningetoka siku nyingi."

"Unatoka unakwenda wapi na msiba haujaanuliwa?" Gladness aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana sauti yake ilikuwa sauti yake.

"Msiba gani?"

Gladness akageuka akawatazama wenzake. Mzee Mhoja akaweka mkono kwenye nguzo, pembeni ya shuka, kwa tahadhari.

"Huu, mama."

"Ulianuliwa Kagera. Nilikuwepo. Nilinyolewa."

"Wa Kagera uliisha Kagera," alisema mzee. "Huu ni wetu. Moto tuliwasha sisi, tukalala hapa. Halafu wenye maiti wakachukua mtu wao wakaondoka, hakuna aliyetung'olea nguzo. Nguzo ya kwanza hung'olewa na ndugu wa marehemu, na sisi si ndugu. Wewe ni mke, ndiye unayefiwa, huwezi kujianulia. Tukasema watarudi. Hawakurudi."

"Hawakujua."

"Wangejuaje? Hata sisi hatukujua. Hapa hajawahi kufa mgeni." Akapangusa paji la uso. "Na mtu akiwa msibani hasemeshwi habari za nyumba. Nyumba, shamba, mali, hayo ni ya siku ya kuanua. Ukamsemesha kabla, umemnyang'anya. Ndiyo maana."

Paskazia akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku. Alirudia kichwani miezi yote: pole, vicheko vilivyokatika, uji ulionywewa wima. Walikuwa kwenye msiba. Kijiji chote kilikuwa msibani uani kwake, na yeye anaanika mashuka juu yao.

"Sasa leo," Mzee Mhoja akaendelea, akichangamka kidogo, "Mungu ametuletea mtu." Akamsogeza msichana mbele. "Huyu ni Mwalimu Jovitha. Mhaya."

Jovitha akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama. Pole."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni wa Muleba," alisema mzee. "Na marehemu alikuwa wa Muleba."

"Muleba ni kubwa, mzee," Jovitha alisema kwa upole. "Nilikwambia pale shuleni. Mimi sikumfahamu marehemu. Na kwa kweli sisi ni Walutheri."

"Marehemu alikuwa Mkatoliki," mtu akasema nyuma, kama anayetoa msaada.

"Hilo Mungu atalimaliza mwenyewe," alisema Mzee Mhoja. "Mwanangu, hatukuombi uwe ndugu wa damu. Tunakuomba ung'oe nguzo ya kwanza. Hizo nyingine tutang'oa wenyewe."

Jovitha akamwangalia Paskazia. Macho yake yalikuwa yanauliza kama hawa watu ni wazima, na Paskazia, ambaye kwa miezi alijiuliza swali hilo hilo, akanyanyuka, akaanua nguo zake. Shuka, kanga, fulana. Zilikuwa mbichi, akazibeba kifuani zikamlowanisha.

"Hii hapa ndiyo imelegea," alimwambia.

Jovitha akaweka begi chini, akaikumbatia nguzo na shada lake la maua shingoni, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, kiatu kikazama.

"Huyo kweli Mhaya," alisema Mzee Mhoja. "Nguvu zote ziko kwenye Kiingereza."

Mtu akacheka. Kicheko kikatoka kwa mwingine, kikazunguka ua mzima, na hakuna aliyekikata. Nguzo ikang'oka, Jovitha akaanguka nayo, wanawake wakapiga vigelegele. Vijana wakamalizia zilizobaki. Gladness akachukua ufagio akazoa majivu, akaongea muda wote bila kupumua, kama anayelipa deni la maneno.

Ndipo wakakaa, na Mzee Mhoja akavaa kofia.

"Sasa naweza kusema. Sheria inataka nyumba. Nyumba hii hapa. Inataka pia mwalimu mgeni asiachwe peke yake. Awe na mwenyeji, mtu mzima, wa kukaa naye na kumwonyesha watu. Wote waliokimbia walikaa peke yao. Tulipopanga haya, kila mtu alikutaja wewe. Vyumba viwili vya mbele ni vya mwalimu, cha nyuma na jiko ni vyako. Ila kukuuliza ndiyo hatukuweza. Sasa tunakuuliza."

Kwa hiyo choo kile kilichimbwa kiwe chake pia. Lakini wakati huo huo, alifikiri, mbele si pake tena. Kwenye kile chumba chenye kitanda cha Deodatus angelala mtu mwingine. Hakujua afurahi au alie. Alitazama sanduku.

"Mama," Jovitha alisema, ameshafuta mchanga magotini. "Naomba kuuliza. Wanasema marehemu alifundisha hapa miaka kumi na nane. Nini kilimfanya akae?"

Watu wote wakamgeukia Paskazia. Hata Mzee Mhoja aliinama kusikiliza vizuri; pengine alitaka kumpelekea diwani jibu hilo, liongezwe kwenye sheria. Paskazia akatafuta. Nyumba ilikuwa inavuja. Uhamisho mumewe aliuomba, haukujibiwa, na baadaye akasahau kuuliza. Samaki? Watoto? Yeye mwenyewe? Hakuwahi kumwuliza, na sasa haiwezekani.

"Sijui," alisema. "Alikuwa anaondoka kila Desemba. Kila mwaka alisema, mke wangu, huu ndio wa mwisho, Desemba tunaondoka. Desemba ikifika anasema tumalize kwanza na hawa wanaoingia darasa la saba."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana hakufika Desemba."

Hakuna aliyesema pole. Jovitha alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu lisilo jibu akaamua kulichukua hivyo hivyo.

Walipotawanyika, Paskazia alimwonyesha msichana maji, taa, jiko. Kwenye kibaraza Jovitha akasimama mbele ya ubao mweusi uliozungukwa na rangi mpya. Akaisoma hesabu kutoka juu mpaka kwenye sawasawa, midomo ikicheza. Paskazia akashika ukingo wa meza. Alimwona amefika kwenye jibu. Ilionekana usoni, kitu kilitulia.

"Niiache?" Jovitha aliuliza.

"Watoto wakija utawaandikia wapi?"

"Ukuta mrefu, mama. Tunaweza kuongeza rangi nyeusi upande huu."

Paskazia akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Halafu akaenda kwenye sanduku, akatoa sufuria, na mara hii akatoa na redio.

Simu ikalia wakati samaki wanachemka. Mashine ilikuwa inanguruma huko Igoma.

"Dada, wamekutoa?"

"Usinisubiri, Nestory."

"Usinisubiri vipi? Chumba nimeshakifagia. Unabaki hapo mpaka lini?"

Alimtazama Jovitha, aliyekuwa amevua viatu anapepea moto vibaya, moshi wote unamjia machoni.

"Tuone Desemba," alisema.